Daftari Lililokaribia Kumfukuza Tata Kabeya

Mwanangu, kwanza nisamehe mwandiko huu. Shule yangu iliishia darasa la tano kwa mapadri, upande wa Dilolo, na tangu hapo mkono wangu haujapata mbio. Makosa utakayokuta uyasahihishe mwenyewe, usimcheke mzee.

Kuna wiki mbili za ujana wangu ambazo bado nazikumbuka kama za jana. Ilikuwa miaka ya mwisho ya Wabelgiji, hapa Kolwezi. Nilikuwa napaka grisi mashine za kusagia mawe ya shaba, sina mke, na aibu yangu ilikuwa kubwa. Nikikuta wasichana bombani, nilirudi nyumbani na ndoo tupu.

Nyumba ya tatu kutoka kwangu alikaa Tata Kabeya (tata ni baba), Mluba wa Kasai, karani wa stoo. Alikuwa amesoma falsafa seminarini, kisha akaacha njia ya upadri akamwoa Mama Misenga. Jumamosi mchana aliruhusiwa kutufundisha katika ukumbi wa kambi. Somo lake lilikuwa uhuru: watu wa zamani waliufikiriaje, nani aliwabishia, na mawazo yao yalitufikiaje sisi.

Alikuwa na namna yake. Alisema, "Leo nawaletea mugeni," halafu akasema maneno ya mwanafalsafa fulani wa kale kwa nguvu zote, utadhani ni yake mwenyewe. Jumamosi iliyofuata alileta mgeni mwingine wa kumjibu yule wa kwanza. Alituambia, "Mutu akifika kwako unamuuliza baba yake nani, ametoka wapi. Wazo nalo muliulize vilevile, mbele ya kulipatia kiti."

Sasa, wenzetu wa zamu ya mchana hawakuweza kuja. Kwa hiyo kambini tulikuwa na desturi: mtu mmoja aliandika somo katika daftari, na daftari likapita nyumba kwa nyumba, likisomwa kwa sauti na yeyote aliyejua kusoma. Mwandishi wetu alipougua, daftari likawekwa mikononi mwangu. Sikuthubutu kukataa. Na nikuambie ukweli, mwanangu, nilijiona mkubwa.

Jumamosi hiyo mgeni wa Tata Kabeya alikuwa mtu aliyesema kwamba mtu huru hana mkubwa juu yake, na sheria ambayo hakuitunga haimfungi. Nilipokuwa bado naandika "kuna mtu aliyesema", Tata Kabeya alikuwa amenitangulia sentensi tatu. Nikaona nipunguze. Nikaacha nani alisema, nani alikataa, nikashika yale yanayong'aa tu. Juu ya ukurasa nikaandika kwa herufi kubwa: MANENO YA TATA KABEYA. Chini yake: Mtu huru hana mkubwa. Sheria usiyoitunga haikufungi.

Jumamosi ya pili akaleta mgeni wa kujibu: kwamba kama hakuna sheria juu ya mtu yeyote, mwenye ngumi kubwa ndiye atakuwa huru peke yake. Yalikuwa maneno mazuri, lakini yalikwenda mbio. Niliona haya kumwomba arudie mbele ya watu. Nikaacha ukurasa mweupe, nikalipeleka daftari hivyohivyo.

Alhamisi asubuhi, nikienda kazini, nilimkuta Mama Misenga mlangoni kwake akifunga sufuria ndani ya kitenge. Watoto walikuwa wamekaa juu ya godoro lililokunjwa.

"Munasafiri, Mama?"

"Banatusafirisha," akajibu, bila kuniangalia. "Tata aliitwa jana kwa Muzungu mukubwa wa kambi. Banasema anafundisha batu kukataa sheria. Jumamosi, treni ya Kasai, ye na mi na batoto. Na hakusema ile maneno! Kuna mutu aliyaandika vibaya. Sijui tulimukosea nini."

Daftari halikuwa na jina langu, na Tata Kabeya hakuwa amenitaja, hata kwa mkewe. Ningeweza kwenda kazini nikanyamaza, na sifichi: nilitembea hatua nyingi tu kuelekea kazini. Kisha miguu ikakataa, nikageuka kwenda ofisini.

Ndani palikuwa na Mzungu mkuu wa kambi, karani wake, na Tata Kabeya amesimama, kofia mkononi. Daftari lilikuwa mezani; kwa kupita nyumba kwa nyumba lilikuwa limefika hadi ofisini.

"Ni mi niliandika, Bwana," nikasema.

Karani akacheka. "Weye? Hata kusalimia unashindwaka!"

"Kabeya amekutuma," akasema Mzungu, kwa Kiswahili cha kambini. "Unakuja kumufunika mukubwa wako."

"Hapana, Bwana. Ye alisema maneno ya batu bawili benye kubishana. Mi ninaandikaka polepole. Niliandika nusu."

"Uongo. Mutu anaandikaje nusu?"

Jambo nililoliogopa kuliko yote duniani lilikuwa kuandika watu wakiniangalia. Nikasema, "Bwana, sema maneno yako, mi niandike. Utaona."

Wakanipa karatasi. Mzungu akasema haraka, kama alivyozoea, habari ya kazi ya Jumapili: "Kuna bavivu banasema kazi ya Siku ya Mungu ni zambi na mutu asiende. Mi nasema, ule hataenda, ataniona!"

Nikaandika, ulimi nje kama mtoto. Alipomaliza, mimi bado. Alipogonga meza, nikaweka kalamu chini.

"Soma," akamwambia karani.

Karani akatazama karatasi, akajiuma mdomo. "Bwana, nisome kweli?"

"Soma!"

"MANENO YA BWANA MUKUBWA. Kazi ya Siku ya Mungu ni zambi. Mutu asiende."

Tata Kabeya aliinamia kofia yake, mabega yakimtetemeka kwa kicheko alichokizuia. Mzungu alikuwa mwekundu. Akamnyang'anya karani karatasi, akaisoma mwenyewe, akaichana vipande vinne.

"Hii ikipita kambini," akasema, "Jumamosi ni mi nitapanda ile treni." Na cheko likamtoka, hata kama hakulitaka.

Tata Kabeya akabaki Kolwezi. Mimi nikapewa adhabu ya kufagia ukumbi miezi miwili, na sijawahi kufagia kwa furaha hivyo.

Tulipotoka nje, nilitaka kupiga magoti. Akanishika kiwiko. "Simama. Ulinikata maneno, ni kweli, na bibi yangu atakutukana leo mupaka utajuta kuzaliwa. Vumilia. Lakini umekuja mwenyewe, hakuna mutu aliyekuvuta. Mi nimefundisha uhuru mwaka muzima, na sikuwa bado kuuona ukiingia kwa mulango."

Mama Misenga alinitukana kweli, huku akifungua sufuria moja moja. Kisha akanipikia bukari, ugali wetu, akasimama pale mpaka nikamaliza. Na katika masomo yaliyofuata, Tata Kabeya alinyamaza kila baada ya sentensi, watu wa nyuma wakapiga kelele, "Mungojeeni mwandishi!" Niliona haya, lakini nilimwomba arudie.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Siku hizi mawazo yanakufikia mengi, na yote yanang'aa. Kabla hujalibeba wazo kwenda nalo kwa wenzako, jua nani alilisema, na nani alimjibu akisema nini. Usipoelewa, omba lirudiwe. Haya ya kuuliza huisha upesi, mwanangu, lakini familia ikishapakiwa kwenye treni huwezi kuirudisha. Na ukiwa umekosea, nenda ukajibu mwenyewe, hata kama unaogopa. Utatoka mle mwepesi, kama nilivyotoka mimi.

Mungu akupe masikio yenye subira na moyo usiojificha. Akulinde wewe na wote watakaoishi kwa maneno yako. Na kama uliwahi kumharibia mtu kwa maneno, ukaenda kutengeneza, au ukashindwa kwenda, niandikie. Ningependa kusoma ilikuwaje.