Kinyozi Aliyependa Redio

Wateja walimwita Wembe, na si kwa sababu ya kazi yake tu. Mdomo wa kinyozi huyu haukuwa na breki. Ukikaa kwenye kiti chake unaondoka na kidevu safi pamoja na habari za mtaa mzima, nyingine zimetiwa chumvi mpaka unasikia kiu. Watu walimpenda hivyo hivyo. Kinyozi bubu nani amtake?

Nyuma ya duka, ng'ambo ya pazia la maua, kulikuwa na chumba cha kuchemshia maji na kuanikia taulo. Humo ndimo binti yake alimofanyia mazoezi ya tarumbeta, kila siku saa nne asubuhi, akishamaliza kufua taulo za baba yake. Alikuwa na miaka kumi na tisa na alitaka kitu kimoja tu, kuingia bendi kubwa ya mji. Mara ya kwanza alipokwenda kwenye usaili, kitufe kimoja cha tarumbeta kiligoma kurudi juu. Mara ya pili alikuwa amejifua kupita kiasi, midomo ikavimba, mlio uliotoka ukawa wa kutia huruma. Kila mara alirudi nyumbani, akalia kidogo, akala, na kesho yake saa nne akaanza upya.

Wembe alijivunia mtoto wake, tusimsingizie. Lakini pia alimwonea haya, na ubaya wake ulikuwa hapo. Wimbo wa usaili ulikuwa na mahali pamoja pa kupanda juu ambapo binti alikosea karibu kila siku. Kila alipopakaribia, baba mtu alinyoosha mkono kwenye rafu na kuongeza sauti ya redio. Wateja wakadhani kinyozi wao anapenda sana redio.

Mara ya tatu kwenye usaili binti alipiga vizuri mpaka mwisho, na bado wakamchukua mwingine. Jioni hiyo alimweleza baba yake bila kuficha neno. Asubuhi yake fundi viatu wa duka la jirani akaja kunyolewa, na povu likiwa limemjaa mashavuni akauliza, "Vipi, binti kapita?"

"Kapita!" Wembe akajibu, akili ikiwa bado haijaamka. Kisha akaona uongo huo hautoshi, akaongeza mwingine. "Wameshampima na sare. Nyekundu, vifungo vya dhahabu."

Wiki haikuisha, sare ile ikawa imepata kofia, na kofia imepata manyoya.

Jumamosi duka lilijaa mapema. Binti akatoka nyuma ya pazia na birika la maji ya moto, na fundi viatu akamdaka pale pale.

"Hongera, mwanangu! Hiyo sare tutaiona lini? Baba yako katuchosha nayo."

Binti akasimama. Alimtazama baba yake kwenye kioo. Wembe alikuwa ameinamia shavu la mteja, akatamani ardhi ipasuke immeze, yeye na kiti na mteja wake.

"Shikamoo, mzee wangu," binti akasema taratibu. "Sare imerudi kwa fundi cherehani. Walinishonea kubwa mno."

Watu wakacheka. Akatua birika, akarudi ndani.

Mtoto huyu hakuwa mtu wa uongo hata wa kuombea ruhusa shuleni. Leo amedanganya mbele ya watu ili kumsitiri baba yake. Aibu ilimwasha Wembe mpaka masikioni, akanyoa shavu moja mara mbili bila kujua. Saa nne ikafika. Ikapita. Nyuma ya pazia kimya. Bendi ilikuwa imemkataa mara tatu na hakuwahi kukosa mazoezi hata siku moja. Aliyemnyamazisha ni baba yake mzazi.

Wembe akazima redio.

"Jamani," akasema, kwa sauti kubwa kuliko ukubwa wa duka, maana hakuwa akisema na wao tu. "Nimewadanganya. Binti yangu hakupita. Hakuna sare, hakuna kofia. Amekataliwa mara tatu, na aliyeona haya ni mimi. Yeye hajaona haya hata siku moja."

Fundi viatu akajifuta uso uliokuwa mkavu tayari. Pazia lilikaa vile vile kwa muda mrefu, na Wembe akasimama akilitazama, povu limemkaukia kwenye wembe mkononi.

Kisha tarumbeta ikalia, chini kwanza, halafu wimbo ukaanza. Ulipokaribia pale mahali pake, mkono wa Wembe uliinuka wenyewe kuelekea rafu. Akaushika, akautia mfukoni. Mlio ukapanda, ukapanda, ukakatika.

"Hapo kakosea," mteja wa kitini akasema.

"Ndiyo," Wembe akajibu. "Subiri. Atarudia."