Ndege wa Kiti cha Nne

Mpaka leo nikifungua sanduku lenye vile vidonge vyeupe vya kufukuzia nondo, pua yangu hunirudisha Kikula, mtaa wetu wa Likasi, katika chumba cha wazazi wangu, mbele ya valizi ya kahawia iliyofungwa kwa kamba ya katani. Ndani yake mlikuwa na vitenge vya mama. Alivikunja mwenyewe, kila kimoja kwa upana wa kiganja na kidogo, na harufu ya vidonge ilikuwa imechanganyika na sabuni yake na moshi wa mbabula, lile jiko la makaa alilopikia uani. Mama alifariki mvua zilipokuwa zinakatika. Mimi nilikuwa na miaka kumi, na mdogo wangu Banza alikuwa hajajua bado kufunga vifungo vya shati lake. Kiangazi kilipoingia, na upepo wa baridi ukaanza kusukuma vumbi jekundu chini ya mlango, sisi wawili tulikuwa na mchezo mmoja tu: kulegeza ile kamba, kuingiza nyuso zetu ndani ya valizi, na kuvuta pumzi.

Kwetu, mwanamke akifa, nguo zake hazibaki kwa mume. Siku ya kuondoa matanga ndugu zake wa kike huja, huvua nguo nyeusi walizovaa tangu msiba, huvaa rangi tena, kisha hufungua valizi ya marehemu na kugawana vilivyomo. Mtu wa mbali anaweza kuona ni uchoyo, lakini sivyo. Ni namna yao ya kuendelea kumvaa ndugu yao. Dada mmoja atakwenda sokoni na kitenge cha majani, mwingine atakwenda misa na kile cha maua, na marehemu atakuwa bado anatembea mjini. Haya nayaeleza leo kwa utulivu. Wakati ule sikuyaelewa. Nilijua tu kwamba Mama Mukubwa Ngoie, dada mkubwa wa mama, atakuja kutoka Kambove, na atakapoondoka, harufu itaondoka naye. Jioni moja nilimuuliza baba kama hatungeweza kuficha hata kimoja. Alinijibu kwamba desturi hiyo aliikuta duniani, na kwamba vitu vilivyo ndani ya valizi ni vya wale dada. Akachokoa makaa kwa muda mrefu. Halafu akarudia maneno yake polepole, kama mtu aliyeyasikia kutoka kwa mwingine: vilivyo ndani ya valizi.

Jumamosi iliyofuata alirudi na mkokoteni uliobeba fotei nne kuukuu, viti vya sebuleni vyenye mikono, alizopewa kwa bei ya kutupa na familia iliyokuwa inahamia Lubumbashi. Mbao zake zilikuwa nzito na nzuri, za seremala wa zamani, lakini nguo ilikuwa imeoza na sponji ilimwagika kama unga. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake; sisi tuliwajua wa viti vile kabla hata ya kuvikalia. Tulivitoa uani, tukavichemshia maji na kuvimwagia, tukaviacha juani mpaka hata kuku wakachoka kuvizunguka.

Baba alikuwa fundi wa magari, si wa viti. Lakini alikuwa na tabia ya kutojaribu kukumbuka asichokijua; alifungua kitu taratibu na kukiacha kimwonyeshe kilivyotengenezwa. Hivyo ndivyo nilivyojifunza, na kama nawe una kiti kilichochoka nyumbani, usikiogope. Ng'oa misumari mmoja mmoja bila kuchana nguo ya zamani, kwa maana hiyo nguo mbovu ndiyo kipimo chako: ilaze juu ya kitambaa kipya, ukate kwa kuifuata, ukiongeza upana wa vidole viwili pande zote. Misumari iliyopinda inyooshe juu ya jiwe. Sisi tulikata mipira ya ndani ya magurudumu kuwa mikanda, tukaisuka chini ya kalio, na kiti kikapata tena mdundo wake. Juu ya mipira tulitandaza gunia, juu ya gunia vipande vya sponji, na kwa kuwa kitenge ni chepesi na hupasuka kikivutwa, tulikishonea kwanza mfuko wa unga kwa ndani. Kisha kupigilia. Hapo ndipo wengi huharibu, kwa sababu huanzia kwenye kona. Anzia katikati. Msumari mmoja katikati mbele, mmoja katikati nyuma, kushoto, kulia, halafu ndipo usogee kidogo kidogo kuelekea kona. Kitambaa kilichoanzwa katikati hakina mahali pa kukunjamana.

Majirani walikuja kutazama. Mzee mmoja wa nyumba ya pili alisimama na kikombe chake cha chai, akamwambia baba kwamba sasa matako ya Kikula yatavaa vizuri kuliko wake zao. Baba alicheka, na mimi nikashtuka, maana nilikuwa nimesahau anavyocheka. Alikuwa amevitoa vitenge vitatu kwenye valizi, mchana, mlango ukiwa wazi, bila kujificha. Hata hivyo kile cha kwanza kilitupa taabu. Kilikuwa kitenge cha jubilei ya parokia, na baba, aliyekuwa anaangalia nyuzi tu, alimaliza kukipigilia ndipo nikaona kwamba sura ya Mama Maria imekaa sawasawa katikati ya kalio. Tulitazamana. Hakuna Mkatoliki wa Likasi ambaye angekaa pale. Tukaketi chini tukang'oa misumari yote, na Bikira akarudi kwenye valizi akiwa na vitundu vidogo pembezoni. Badala yake tukachukua kitenge cha mahindi.

Viti vitatu vikapata nguo: cha mahindi, cha majani, cha feni. Cha nne nilikitaka kiwe cha ndege. Mama alikuwa na kitenge cha ndege wa buluu waliotandaza mabawa, alichokipenda kuliko vyote. Yeye na Mama Mukubwa walikinunua kikiwa kizima, wakakikata nusu kwa nusu. Lakini nusu ya mama ndiyo aliyozikwa nayo. Katika valizi kilibaki kilemba tu cha ndege hao, kisichotosha hata mkono wa kiti. Baba alitaka kuweka maua, mimi nikakataa, na kwa mara ya kwanza kiangazi kile hakunilazimisha. Kiti cha nne kikabaki na gunia lake.

Kadiri siku ya matanga ilivyokaribia ndivyo nilivyoanza kuogopa. Mchuma janga hula na wa kwao, na mimi nilimwona baba akituchumia. Mama Mukubwa ndiye aliyetuletea unga wa mahindi tangu msiba, ndiye aliyenisuka nywele, na Banza alimwita mama bila mtu kumfundisha. Kama angeona tumewaibia dada zake, angetikisa vumbi la miguu yake asirudi tena. Tungekuwa tumebaki na vitambaa na kupoteza mtu.

Walikuja asubuhi, dada watatu. Watu walisali, wakala bukari, ugali wetu, na mboga ya lengalenga, wakalia kidogo, wakacheka kidogo. Kisha dada wakaingia chumbani kuvua weusi. Mama Mukubwa alipotoka alikuwa amevaa ndege. Ilikuwa kama mama ameingia sebuleni akiwa mnene zaidi na amechoka zaidi. Alikwenda moja kwa moja kuketi, na mkono wake ulipogusa kiti cha majani alisimama wima tena. Akakitazama, akatazama cha mahindi, akatazama cha feni.

"Baba Numbi," alimwambia baba kwa sauti ya chini, "mudogo yangu umemupigilia misumari?"

Numbi ndilo jina langu. Baba alivua kofia, akamjibu kwa jina la heshima la dada mkubwa. "Yaya, ile iko mu valizi ni yenu. Ile iko ku viti ni ya batoto."

Dada mmoja akaanza kusema kuhusu desturi, na mwingine akasema koleo lipo jikoni, misumari itang'oka. Mama Mukubwa alikuwa anamtazama Banza, ambaye katikati ya maneno hayo ya wakubwa alikuwa amepanda kiti cha mahindi, ameweka shavu juu ya mkono wa kiti, na anavuta pumzi kwa nguvu kama tulivyokuwa tukifanya kwenye valizi. Alimtazama mpaka usingizi ukamchukua mtoto.

"Na hii," akaniuliza, akionyesha kiti cha gunia kilichobaki uchi, "juu ya nini iko buchi?"

"Tulikosa ndege, Mama Mukubwa."

Akarudi chumbani. Alipotoka alikuwa amevaa tena nguo nyeusi, na kitenge kimekunjwa mikononi. Dada zake wakamzuia: mtu aliyekwisha kuvua weusi haurudii, na huko Kambove watu wangesema nini?

"Bantu baseme," alijibu. Akaniwekea kitambaa mapajani. "Minye sijue hii kazi. Tunaanzia wapi?"

"Katikati," nikamwambia.

Alishikilia kitambaa akikivuta kwa mikono miwili, baba akapigilia, mimi nikampa misumari. Jioni alipanda lori la Kambove akiwa amevaa weusi kama alivyokuja, na valizi nyepesi miguuni pake. Mwezi uliofuata alirudi na unga.

Miaka imekwenda. Baba amelala Likasi, karibu na mama. Banza yuko Lubumbashi, na mwaka jana alinitumia sofa kubwa ambazo watoto wangu hawataki zitolewe plastiki. Mgeni akikaa hutelezea mbele, na anaaga mapema. Viti vya mama niliviweka chumba cha nyuma, kando ya dirisha. Mahindi na majani yamefifia, nami nimevivika vitambaa vipya mara kadhaa, nikipigilia juu ya vya zamani bila kuvitoa. Cha ndege sikukifunika. Kila Mama Mukubwa alipokuja alikikalia hicho, na vidole vyake vilitafuta bawa lilelile kwenye mkono wa kulia mpaka rangi ikaisha pale.

Mama Mukubwa naye alifariki, na kiangazi hiki nilikwenda Kambove kumwondolea matanga. Binti yake Kyabu alifungua valizi, akaniambia nichague kabla ya wengine. Nikamwambia changu nilishapewa, zamani. Akaendelea kupekua, kisha akaniuliza ndege wako wapi, wale wa kwenye picha ya ujana wa mama yake, kwa maana alikuwa akiwatafuta tangu msiba.

Nilirudi nyumbani na swali lake. Nilichukua koleo, nikapiga magoti mbele ya kiti, nikaweka mdomo wa koleo kwenye msumari wa katikati, ule wa kwanza. Haukunyanyuka mikononi mwangu, au mikono yangu haikutaka. Baba alivitenganisha kwa maneno, kilicho valizini cha wale, kilicho kitini cha hawa. Baada ya miaka hii yote kitambaa na kiti havikutenganishika tena. Basi nikakifunga kiti kizima kwenye shuka na kukipandisha kwenye lori.

Kyabu alinipigia simu kwamba kimefika, na kwamba amekikalia. Niliketi kwenye sofa ya Banza nikimsikiliza. Chumba cha nyuma, kando ya dirisha, saruji ina alama nne za miguu ya kiti, na watoto wangu wakipita huzizunguka bila kujua kwa nini.