Kilima Nilichokifuta

Ipo siku moja haijanitoka moyoni, mwanangu, na kwa kuwa umekabidhiwa kuihamisha tena tovuti yetu, bora uisikie kabla hujagusa chochote.

Wakati ule sijafika miaka thelathini, na sifa zimenijaa kichwani. Tulikuwa na ofisi ndogo mtaa wa Makanyagio na tovuti kubwa, maelfu ya kurasa za watu wanaotafuta ndugu waliopotezana nao wakati wa ukimbizi. Mama Leokadia aliyeijenga aliniagiza niihamishie kwenye lugha mpya ya programu.

"Hamisha ukurasa mmoja mmoja," alisema. "Ya zamani iache ifanye kazi. Na kila ukihamisha, mwite mwenye shida yake autumie, wewe umwangalie."

Nikaitikia, "Sawa, Mama," huku moyoni namcheka. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Mimi wangu niliuchoma kabisa. Nilihamisha yote kwa wiki moja, nikazima mfumo wa zamani.

Kwenye fomu ya zamani palikuwa na kisanduku cha kuandika kilima. Mimi, kwa kabila Mpimbwe, nilikiona uchafu tu. Nikakifuta, nikaweka jina la ukoo, na fomu ikawa inakataa ndugu ambao ukoo wao haulingani. Sikujua kwamba kwa wenzetu wenye asili ya Burundi, watoto wa baba mmoja na mama mmoja kila mmoja hupewa jina lake peke yake. Kinachowatambulisha ni kilima walikozaliwa. Angeketi mmoja wao pale mezani, angeniambia kabla chai haijapoa.

Bibi Anastazia wa mtaa wa Misunkumilo, mmoja wa wenzetu hao, alikuja kila Jumatano kwa bodaboda kuuliza kama kaka yake ameandika.

"Bado, Bibi," nilimjibu, tena nikimwonyesha rangi mpya za tovuti. Aibu hiyo ninayo mpaka leo.

Siku hiyo ninayokusimulia alikuja na mgeni kutoka Burundi. Walikutana kanisani, wakatajiana vilima, kumbe mgeni ni jirani wa kaka yake. Akatueleza kwamba kaka mtu aliandika mara tatu, fomu ikamkataa mara tatu, akaamini dada yake amekufa. Naye akafariki kabla ya mavuno.

Bibi hakunigombeza. Aliitazama kompyuta yangu, akasema taratibu, akiniita mwanangu kwa lugha ya kwao, "Kumbe nilikuwa naitwa, mwana wanje, na mimi siitiki."

Nililia mbele yake. Kisanduku nilikirudisha siku ile ile, lakini Bibi hakuja tena Jumatano. Majuto ni mjukuu, mwanangu, na huyu wangu amekuzidi umri.

Basi usizime cha zamani mpaka kipya kimebeba mzigo, na mwenye mzigo anaona kwa macho yake. Kitu usichokielewa usikifute. Uliza kwanza kiliwekwa kwa ajili ya nani. Ukichekwa kwa kwenda polepole, waache wacheke.

Mungu akupe mkono wenye subira, na kila anayeitwa kupitia kazi yako, asikie, aitike.