Mdomo Uliokuwa Safarini

Mwaka niliohitimu chuo kikuu nilirudi nyumbani Mukuyuni na chupa ya samaki waliokufa. Mhadhiri wangu aliahidi kunichukua kuwa msaidizi wake kwa sharti moja: niwagawe samaki wale bila kosa kabla ya Jumatatu.

"Ni spishi mbili," aliniambia. "Mimi ndiye niliyezitenga."

Walikuwa wadogo kama kidole, waliovuliwa kwenye mito ya visiwani. Mapezi yao ya tumboni yameungana yakawa kikombe cha kunyonya, na kwa kikombe hicho hutoka baharini na kuparamia maporomoko, wameng'ang'ania mwamba. Wengine mdomo ulikuwa mbele kabisa, wengine chini ya kichwa. Wa mbele chupa hii, wa chini chupa ile.

Nilifika kwa yule wa kumi na tisa. Mdomo wake haukuwa mbele wala chini. Nilipima mara saba. Niliosha lenzi. Nikafungua daftari, nikakuta jana yake, nilipowaorodhesha wote, nimemwandika "mbele", kwa mwandiko wangu mwenyewe.

Ilikuwa saa nane mchana, jua kali, na nyumba imenyamaza. Chumba cha pili dada yangu alikuwa amelala na mtoto wake wa siku mbili. Mtoto yule hakuwa akilia. Nilimsikia akipumua tu.

Susu, nyanya yetu, akaingia.

"Miaka yote hiyo ya shule, kumbe ulikuwa unasomea midomo ya samaki. Na hata hawakaangwi!"

"Susu, hebu mtazame huyu."

Alitazama kwa lenzi, kisha akapangusa mikono kwenye leso, ingawa hakuwa amegusa kitu.

"Huyu bado anakuja. Mfunike."

"Anakuja wapi, susu? Amekufa."

"Hata yule wa chumbani bado anakuja." Alishusha sauti, maana mama alikuwa mtu wa kanisa. Kwa wazee wetu, mtoto hawi mtu mpaka apewe jina siku ya tatu. Kabla ya hapo ni wa huko alikotoka. "Usimkazie macho. Kesho hatakuwa huyu."

Alipotoka nilirudi kwenye lenzi. Mdomo ulikuwa ukihama kutoka mbele kwenda chini. Mdogo atokaye baharini na mkubwa wa mtoni walikuwa samaki mmoja, na katikati kuna siku chache ambazo hana uso wowote. Nikikosea, kazi imepotea. Nisipokosea, huenda imepotea pia.

Niliwamimina wote katika chupa moja, nikaandika jina moja.

Jumatatu nilimtoa wa kumi na tisa chupani, mhadhiri akamtazama kwa lenzi yake. Hakuniambia nimepatia. Alinionyesha kabati lililojaa chupa alizozipa majina tangu ujana wake.

"Anza kuzipima hizi upya," akasema, akatoka na kufunga mlango.

Kazi nilikuwa nimepata. Nilisimama mbele ya nyuso zile zote, nikishindwa kufungua mfuniko wa kwanza.