Kibiriti ni wa Carmela

Ukimsikia mtu anasema Kibiriti, yule mtoto wa barakoa anayepigana bega kwa bega na Bwana Tufani, alichorwa na Hessler, mwambie aache uongo. Jina kwenye jalada lilikuwa la Hessler, sikatai. Mkono ulikuwa wa Carmela Iacobucci, binti wa mshona makoti wa Mtaa wa Mulberry, hapa hapa Nyuyoki.

Karakana yao ya vitabu vya katuni ilikuwa na mtindo wake. Hessler, mwenye mali, alimchora Tufani kwa penseli, misuli yote. Karatasi ikaenda kwa Abe Fishbein, aandike maneno. Mwisho ikafika kwa Carmela, aipitishe wino juu ya penseli. Kibiriti aliachwa duara tupu na vijiti vinne vya mikono na miguu.

"Hicho kidogo kimalizie wewe," Hessler alisema siku ya kwanza.

Carmela akakimalizia. Akakitia pengo la meno, magoti yenye vidonda, na macho ya mtoto asiyeogopa mtu. Miaka miwili baadaye barua za wasomaji zilijaa kikapu, na karibu zote zilimuulizia Kibiriti. Carmela alizisoma akila mkate wake wa pilipili za kukaanga, na wallahi hakuna malkia aliyejisikia kama yeye.

Sasa, Ijumaa moja ya mwaka 1943, ikamfikia karatasi ya mwisho ya toleo. Vita vilikuwa vimebana karatasi, kurasa zikapunguzwa. Tufani amepiga goti kwenye kifusi, mikononi amebeba lile duara na vijiti vyake. Juu, kwa mwandiko wa Abe: "Kibiriti amekufa!"

Carmela alihisi kama kapigwa kofi. Akatia wino kifusi, akamtia wino Tufani, kisha akaweka brashi chini.

"Mbona hujamaliza?" Hessler akauliza. "Tarishi wa kiwanda cha chapa anakuja saa kumi!"

"Maiti yake sichori."

"Kurasa zimepungua, mashujaa wawili hawaenei! We mama, kwani ni mwanao?"

"Ni wangu, ndiyo! Wewe umempa nini zaidi ya duara?"

"Ala! Unadhani mimi siwezi kuchora katoto?" Hessler akainyakua brashi, akakaa kwenye kiti chake Carmela.

Akachora. Abe akachungulia, akajishika mbavu. "Bosi, huyo si shemeji yako wa Bronksi? Halafu kala ndimu!"

Hessler akafuta kwa rangi nyeupe, akachora tena. Safari hii akatoka kizee. Mara ya tatu hata Abe hakucheka, alimwonea huruma. Mtu mzima, jina lake limejaa kila kibanda cha magazeti mjini, na uso wa mtoto unamtoa jasho! Saa ikasema kumi kasorobo.

Carmela alikuwa amesimama, mikono kiunoni. Kazi aliitaka, lakini hakurudi nyuma hata hatua moja.

Hessler akainuka. "Haya, mchore."

"Akiwa hai."

"Akiwa hai, bwana! Abe, badili hayo maneno."

"Na jina langu."

Abe akaacha kufuta maneno, akageuka. Katika karakana ile hakuna mpitisha wino aliyewahi kuandika jina lake, hata mara moja.

"Pembeni," Hessler akasema kwa shida. "Dogo."

Carmela akaketi. Brashi ikaenda yenyewe; Kibiriti akafumbua jicho moja mikononi mwa Tufani, akacheka na pengo lake. Kisha, chini ya picha, katikati kabisa, akaandika IACOBUCCI, herufi kubwa nono za wino.

"Nimesema dogo!" Hessler akaruka, mkono hewani.

"Gusa uone," Carmela akamwambia. "Wino bado mbichi, utaharibu ukurasa mzima."

Mlango ukagongwa. Tarishi kafika.

Hessler akashusha mkono.