Visanduku vya Nusura

Nusura hana dogo. Ukimwambia kompyuta imegoma, anaona kama imemtukana yeye. Alitoka Bujumbura na mkoba mmoja, akahangaika weee, mpaka akafungua duka lake la simu na intaneti hatua chache kutoka Porte de Namur, hapa Brussels. Ndugu hana huku, ila mpwa wake Rigobert. Mimi Georgina, mtu wa Moshi, nilikuwa mteja wake wa kila Jumamosi: nampigia mama, kisha nabaki kupiga soga. Ndiyo maana nilikuwepo asubuhi ile ya mwaka 2009.

Aliingia Soe Naing, Mburma mpole, mpishi wa mgahawa wa jirani. Roho juu. Mama yake alikuwa amelazwa Yangon, anapasuliwa baada ya saa moja, na dada yake alikuwa ametuma kwa barua pepe namba ya simu ya wodini. Alitaka kumsikia mama kabla hajaingizwa ndani. Dada mwenyewe hakuwa na simu ya mkononi. Kwao wakati ule zilikuwa za matajiri. Akafungua barua. Hakuna hata herufi moja, visanduku tu, mstari baada ya mstari. Kompyuta za Nusura hazikuwa na maandishi ya Kiburma, na nenosiri la kuyaweka alikuwa nalo Rigobert, aliyekwenda Liège na simu kaizima. Nusura alimsema Rigobert kwa Kirundi, akamalizia kwa Kifaransa.

Kisha akavaa miwani, akasogeza uso kwenye kioo. Ndani ya kila kisanduku mlikuwa na tarakimu ndogo ndogo, mbili juu, mbili chini. Ni namba ambayo kompyuta hutunzia kila alama, hata isipojua kuichora. Mimi ningesema basi. Yeye alianza kuhesabu, akakuta mahali pamoja visanduku kumi vimefuatana: 1040, 1044, 1048, vikaendelea hivyo.

Mtu anayeuza kadi za simu toka asubuhi mpaka jioni anajua namba za Ubelgiji zinavyoanza. Sifuri, nne, nane. Akamuuliza Soe Naing kama hiyo si namba yake mwenyewe. Soe Naing akatoa simu mfukoni kulinganisha. Ilikuwa yake, tarakimu kwa tarakimu. Baadaye tulijua dada alikuwa anauliza mbona haipatikani.

"Alors, ile ya mwisho njo namba yenyewe," Nusura aliniambia; "njo" yao ni "ndiyo" yetu. "Andika, Georgina."

Mistari miwili chini tukaipata ya wodini. Akanitajia mojamoja, ile ya mwisho ya kila kisanduku. Katikati akakwama: kisanduku kilisema 101D. Nilikata tamaa, nakiri. Lakini Soe Naing alicheka, mara ya kwanza siku ile. Kwao kuna herufi ya duara inayofanana kabisa na sifuri, na dada yake hubonyeza yoyote iliyo karibu. Kwa macho ni ileile, kwa kompyuta ni kitu kingine. Akaniambia niweke sifuri.

Simu iliita mara nne. Kisha tukamsikia kibandani akirudia neno moja, na hata mimi nisiyejua Kiburma nilijua anamwita mama. Nusura alikuwa anafuta kaunta iliyokwisha kung'aa. Machozi yalimtoka, akadai ni sabuni.

Mama alipona. Rigobert alirudi, akaweka Kiburma kwenye kompyuta zote isipokuwa moja, maana Nusura alikataa katakata. Hiyo ilikuwa yake. Wiki ya tatu ikaja barua ya mama, dada kaiandika kwa niaba yake, na Soe Naing akaifungua kwenye kompyuta hiyo makusudi, amtanie. Nusura akavaa miwani. Kidole kikatembea kwenye kioo, kisanduku kwa kisanduku.

"Hii ni namba ya hapa dukani," akasema.

Soe Naing alihamia kompyuta ya pili, akatusomea. Mama alikuwa amewaandikia ndugu wote: mwanangu akikosekana, mpigieni kwa binti yangu wa Brussels.