Kola Iliyopita Testi

Nichekeni tu, mimi kucheka kumenishinda. Hapa mtaani Kiwanjani natengeneza kola za kufuatilia ngamia. Nina kifaa cha kuchungulia, kwa waya, ndani ya chipu ya kola, na programu niliyoandika mwenyewe hukipima: je, kinaisimamisha chipu, kinasoma kumbukumbu yake? Ikiridhika huandika "Imepita", nami huihesabu kola kuwa nzima. Mwezi uliopita testi zote zilipita, nikamkabidhi Mzee Galgalo, mfugaji, kola yake kifua mbele.

Jana alirudi kutoka malishoni Biliqo. Kola ilizimika, ngamia wake wa maziwa akapotea, wachungaji wakampata amekufa.

"Si ulisema imepita?"

"Ilipita kabisa, Mzee. Ngoja uone."

Nikaanzisha testi upya kwa maringo. Kijani tupu. Imepita. Imepita. Imepita.

Kola bado ilikuwa mkononi mwake. Waya wa kifaa changu ulikuwa unaning'inia mezani, haujashika chochote.